Ubani wa Alhamisi

Daktari aliniuliza kama nyumbani kwetu kuna moshi, nikamwambia hakuna. Nilijibu haraka, tena kwa kiburi kidogo, maana swali lile nilikuwa nimeshalifanyia kazi. Makaa tulikwisha kuyaacha, tunapikia gesi. Mume wangu hajapata kutia sigara mdomoni. Ile dawa ya mbu inayoungua mviringo nilikuwa nimeipiga marufuku, tunalala ndani ya chandarua. Daktari akaandika, akamgeuza binti yangu, akamsikiliza mgongo. Wakati huohuo buibui nililovaa lilikuwa limefukizwa udi jana yake, na leso niliyomfunika mtoto vilevile, na chumba kizima cha yule daktari kilikuwa kikinukia sisi. Yeye akapiga chafya, akaomba radhi, akaendelea kuandika.

Nikitaka kumlaumu simuwezi. Kwetu ubani si moshi. Moshi ni wa kuni, wa lori, wa jaa linaloungua nyuma ya soko. Moshi unafukuzwa. Ubani unakaribishwa ndani, unapelekwa mpaka chini ya kitanda, unafungiwa mlango usitoke. Angeniuliza, "Mnafukiza?" ningemwambia ndiyo, tena ningemwambia kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa iwapo nyumba yake husafishwa. Lakini hakuuliza hivyo, na mimi nikarudi nyumbani na pampu moja ya bluu ya kuvuta dawa na dhamiri safi kabisa.

Tunakaa Changamwe, safu ya pili kutoka barabara ya malori. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, ni mzaliwa wa kisiwani, wa vichochoro vya Mji wa Kale, na mwanawe alimhamishia huku bara alipofiwa na mumewe. Hakuacha kutukumbusha kwamba amehamishwa. "Huku kwenu ni vumbi na honi," husema, kana kwamba sisi ndio tulioyaleta malori. Lakini alinipenda, na nataka hilo lijulikane mapema, maana watu wakisikia habari ya mke na mavyaa wake hukaa sawa wakangojea matusi. Nilipojifungua ni yeye aliyenikanda. Ni yeye aliyekaa nami arobaini nzima katika chumba kilichozibwa madirisha, upepo usimpige mtoto, chetezo kikifuka karibu na kitanda asubuhi na jioni. Mtoto alikuwa na mapafu ya ukubwa wa vidole vyangu viwili, na sisi tulikuwa tunamfukiza kama nguo ya arusi. Siku zile niliona raha. Nilijiona nimetunzwa kama inavyopasa mtu kutunzwa, na kweli nilitunzwa.

Baada ya arobaini madirisha yakabaki yamefungwa kwa sababu nyingine. Ukipangusa meza asubuhi, adhuhuri unaweza kuiandika jina lako kwa kidole. Malori hupita mchana kutwa yakienda na kurudi bandarini, na yakisimama kwenye foleni huacha injini zinanguruma, na ule weusi wake huingia hata kwenye chumvi. Mume wangu akapigilia nailoni kwenye nyavu za madirisha, mimi nikatia vitambaa chini ya milango. Tulijisifu. Tulisema angalau hewa ya ndani ni yetu wenyewe.

Na ndani ya nyumba hiyo iliyozibwa kama mtungi wa achari, kila Alhamisi baada ya alasiri, mavyaa alipasha makaa uani. Usiku wa Ijumaa kwetu huanza jua la Alhamisi linapozama, na nyumba haiingii usiku huo bila kufukizwa. Makaa yakishapata wekundu huyatia kwenye chetezo cha udongo, akayatupia ubani na vipande vya udi, akapita chumba hadi chumba akisoma kwa sauti ya chini. Nyuma ya milango, kwenye pembe, ndani ya kabati. Mwisho humfikia mjukuu wake. Humzungushia chetezo kichwani, akamwambia kwa upole, "Ivute, mame, ivute, ikutoe mabaya."

Mtoto wangu akaivuta. Alikuwa mtoto mtiifu.

Sikumbuki ni Alhamisi gani ilikuwa ya kwanza. Nakumbuka tu kwamba kabla hajatimiza miaka minne ilikuwa imeshakuwa ada: magharibi inaingia, kikohozi kinaanza, kikavu, kifupi, kisha kifua kinaanza kupiga mluzi. Mwanzo ni mluzi wa mbali. Halafu mabega yanapanda, ngozi ya katikati ya mbavu inazama ndani kila anapovuta, na macho yananitazama mimi. Hilo la macho ndilo lililonimaliza. Mtoto mgonjwa hulia, wangu hakuwa na pumzi ya kulilia. Alinitazama tu kama mtu anayengoja nifungue mlango, na mimi sikujua mlango wenyewe uko wapi.

Mavyaa alikuwa na namna yake ya kumpima. Alimlaza kifudifudi mapajani, akamwekea sikio mgongoni, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akasema, "Filimbi ipo," au, "Filimbi imepungua." Hakukosea hata mara moja. Daktari na kipimo chake cha mpira alisema yaleyale, kwa maneno marefu zaidi.

Tatizo halikuwa kusikia. Tatizo lilikuwa maana ya tuliyoyasikia. "Mwaona?" mavyaa alituambia jioni moja, chetezo mkononi, mtoto amekunjamana kwa kikohozi. "Mwaona linavyochukia? Huyu yuna jito, jicho la hasadi. Mtu mzima asiye na kitu hadhuriwi ni ubani. Hicho kilichomkalia ndicho kinachokohoa."

Sijui kama mtu asiyelelewa kwetu ataelewa jinsi maneno yale yalivyoniingia. Yalikuwa na mantiki. Mtoto akiwa mzima asubuhi, ubani ukiwaka anakohoa: basi kuna kitu ndani yake kisichopenda ubani. Na kitu kisichopenda ubani kinatolewa kwa nini? Kwa ubani. Kila alipokohoa zaidi tulipata ushahidi zaidi, na tulipopata ushahidi zaidi tuliongeza kipande kingine kwenye makaa. Nimesoma shule, nina cheti cha ualimu wa chekechea, na nilikuwa ninasimama pale nikishikilia mlango usifunguke.

Nisije nikafanya kana kwamba tulikaa mikono kifuani. Tulipigana. Daktari alisema vumbi, nikalitoa zulia sebuleni, zulia la mahari yangu, nikampa shangazi yangu wa Likoni. Alisema godoro, tukalitupa la sufi tukanunua la sponji. Alisema ukungu, mume wangu akaukwangua ukuta wa choo hadi tofali likaonekana, akaupaka rangi, akaurudia ulipochipuka tena. Nikaacha kufagia kwa ufagio, nikawa natambaa chini kwa magoti na kitambaa kibichi kila alfajiri. Nikamfukuza paka ambaye hata hakuwa wetu. Mwanasesere wa manyoya niliyemletea mwenyewe nilimtia kwenye mfuko nikamtoa, binti yangu akilia, nami nikimfokea kama kichaa, "Wataka kupumua au wataka mwanasesere?" Mtoto wa miaka minne. Alinijibu, "Nataka vyote."

Na Alhamisi ikija, filimbi ikaja.

Mwaka huo nilichoka mpaka nikaanza kuzungumza na malori. Nasema kweli. Nikisimama dirishani na kuyatukana moja moja, mume wangu ananivuta mkono. Yeye hasira zake ni za kimya. Anafanya kazi kwenye yadi ya makontena, anarudi jioni nywele zimejaa vumbi, na alianza kuoga uani kabla hajaingia ndani, baridi au joto, akiamini ni yeye anayemletea mwanawe maradhi kwenye shati. Hakuniambia. Nilimwona tu siku moja akijisugua kwa dodoki mpaka ngozi inataka kutoka, nikaelewa, nikarudi ndani nikalia.

Kisha mavyaa akasafiri. Mtoto wa dadake alikuwa anaoa Tanga, na arusi za watu wetu haziishi kwa siku moja. Alifunga mizigo yake, na ndani ya mizigo akatia kile chetezo kimefunikwa kwa leso tatu, kwa sababu hakuwa na imani na vyetezo vya watu wengine.

Alhamisi ya kwanza nilisahau kabisa kwamba ni Alhamisi. Mimi sikuwa mfukizaji wa nyumba, kazi hiyo ilikuwa yake, nami sikuwa na mkono nayo. Mtoto alilala. Nilikwenda kumwekea mkono kifuani, nikausikia unapanda na kushuka bila vurugu, nikadhani ni bahati. Ya pili akalala. Akaanza kukimbia. Akaanza kula wali hadi kuomba uliobakia sufuriani. Nilifurahi kwa woga, kama mtu aliyebeba trei ya glasi.

Jirani yangu, mwanamke tunayeanika nguo kamba moja, naye akaona. Akaning'iniza shuka lake, akaja karibu. "Mtoto amenawiri," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Tangu mavyaako aondoke."

Nikachukua nguo nyingine kwenye beseni.

"Mimi simsemi mtu, wallahi," akaendelea. "Lakini jito mtu huwa nalo asijijue. Bibi akimpenda mjukuu kupita kiasi, akimtazama, akimsifu... We fikiri tu."

Nilimwambia aondoe shuka lake lililolowesha nguo zangu. Nilimwambia na mengine. Tulikosana kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza, kwa sababu lile neno lililokuwa limenong'onwa kambani likawa sasa limepigiwa kelele, na kila aliyekuwa dirishani akalichukua. Mavyaa aliporudi kutoka Tanga na halua na bakuli za pilau, neno lilikuwa limeshakaa barazani linamngoja.

Hakuniuliza kitu. Aliingia, akamkumbatia mjukuu wake, akamtazama alivyonenepa. Nilimwona uso wake ukifurahi na kisha ukasimama. Tangu dakika hiyo akawa anamtazama kwa pembe ya jicho. Mwanamke aliyekuwa akimwita mtoto "mwezi wangu", "lulu yangu", akaacha kumsifu kabisa. Akimlisha, anatazama ukutani. Mtoto akimpandia mapajani, anamteremsha taratibu. "Nenda kwa mamako."

Niliogopa kumwambia kitu, maana ningemwambia nini? Kwamba jirani ni mwongo? Mtoto alikuwa amepona wakati bibi yake hayupo, na hilo halikuwa uongo. Na niseme yote: nami nilikuwa nalala nikimtazama mtoto, nikisikiliza nyayo za mavyaa ujiani. Nilimpenda na nilikuwa namhofia.

Alhamisi ikafika. Alasiri nilimwona anapasha makaa uani kama kawaida, nikakaa sebuleni na mtoto. Lakini hakuja na chetezo. Nikangoja. Mwisho nikaenda kuchungulia chumbani kwake.

Alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, chetezo katikati ya miguu yake, amejifunika leso mbili kichwani hadi chini, na moshi unatoka kwenye upindo wa leso kila upande. Alikuwa anajifukiza mwenyewe. Nilimsikia ndani ya zile leso akilia na kusoma, akisoma na kulia, akimwomba Mola amwondolee mato yake ubaya, amtoe hasadi asiyoijua, kama ni yeye anayemuua mjukuu wake basi amchukue yeye. Nilirudi nyuma. Sijawahi kuona aibu kubwa kuliko ile, na haikuwa yangu peke yangu, ilikuwa ya nyumba nzima.

Alipotoka alikuwa na uso mwepesi. Aliamini amesafika. Alikuja moja kwa moja sebuleni, mikono imekunjuliwa, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Ndoo, mwezi wangu," akasema. Mtoto, aliyekuwa amenyimwa mapaja yale kwa siku nyingi, alimrukia, akajizika kwenye leso zake, uso wote ndani, akavuta harufu ya bibi yake kwa nguvu zote.

Haikuchukua muda. Hakukohoa hata kikohozi cha kawaida. Alijitoa kwenye leso, kinywa wazi, na sauti haikutoka. Midomo ikaanza kupoteza rangi. Nilipiga pampu, nikapiga tena, naye hakuwa na pumzi ya kuivutia. Mume wangu aliingia mbio kutoka uani na sabuni kichwani, tukamkamata bodaboda wa kwanza, mimi nyuma, mtoto katikati, na sauti yangu ikimwambia dereva maneno nisiyoyakumbuka. Malori yalikuwa yamefunga barabara. Tulipita pembeni, juu ya mitaro, kati ya magurudumu marefu kuliko mimi, na nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu na zilikuwa hazinitoshi. Nilijua, kwa hakika ambayo sitaki kuirudia, kwamba nitafika na maiti.

Nilifika naye hai. Walimvisha kinyago cha mashine, mvuke ukaingia, na polepole mabega yakaanza kushuka. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, nimemshika mguu.

Mume wangu alikuja na mamake baadaye. Mavyaa alisimama mlangoni mwa wodi, hakuthubutu kuingia. Mtoto alimwona, akanyoosha mkono. Nikamwita mwenyewe, nikasema, "Njoo mama, yuwakutaka." Alipiga hatua chache, akainama juu ya kitanda, akiwa bado na zile leso mbili. Na mtoto, aliyekuwa ametulia kabisa, akakohoa.

Mavyaa akaruka nyuma kama aliyeungua. Akaufunika uso wake kwa viganja ili asimtazame.

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao. Leso yake ilinipitia usoni aliporudi nyuma, na ubani ukaniingia puani mahali ambapo hapakuwa na ubani mwingine, mahali panaponukia dawa ya kuoshea sakafu tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikausikia kama mgeni anavyousikia. Koo likaniwasha. Nikakumbuka chafya ya daktari. Nikakumbuka chetezo kilichofungwa kwenye leso tatu kikaenda Tanga. Nikakaa tena sakafuni.

Si jicho. Si malori, si zulia, si paka, si mwanasesere. Moshi. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukuta. Tumeufungia ndani, tumeziba madirisha usitoke, tumemwambia mtoto auvute.

Nilimwuliza daktari wa zamu, nikamtajia ubani kwa jina lake, na chetezo, na Alhamisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu alipozaliwa. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kumwambia mavyaa kulinichukua siku mbili. Nilidhani nina habari njema, unaona? Nilidhani ninamtua mzigo. Nilimkuta chumbani, amekaa ameupa mlango mgongo, nikapiga magoti nikamshika mikono nikamwambia, "Mama, si jicho lako. Wallahi si jicho lako. Ni ule ubani tu. Moshi wake unamfunga mtoto kifua."

Nilingoja aseme alhamdulillahi. Alinitazama, kwanza kama hakusikia, kisha nikaona anarudi nyuma akilini, Alhamisi kwa Alhamisi, mpaka kwenye chumba cha arobaini.

"Jito mtu hajitii," akasema. "Mungu humtia. Ubani nalitia mimi kwa mkono wangu."

Nilimlaza kichwa begani kwangu na alilia kwa namna ambayo sikupata kuisikia kwake hata alipofiwa. Niliona kwamba nimemvua kosa moja nikamvisha jingine zito zaidi, na kwamba hakukuwa na njia ya kumwokoa mtoto ila kwa kulipitisha jambo hili hapo hapo, moyoni mwake.

Chetezo alikitoa mwenyewe. Sikumwambia. Udi wake, vipande vyake vizuri alivyovihifadhi kwa miaka, alimpelekea yule jirani, bila neno. Akafua leso zote na mapazia yote, na nguo za sanduku, akarudia, mikono ikachubuka kwa sabuni. Mume wangu aling'oa nailoni madirishani. Sasa tunafungua alfajiri, malori yakiwa machache, tunafunga yakianza kufuatana, tunafungua tena jioni. Si hewa ya Nyali kwenye bahari, lakini inapita. Pampu tunayo, na daktari amesema kifua kile hakitakuwa kama vifua vya wengine. Nikiamka usiku bado namwekea mkono.

Alhamisi iliyofuata, jua linazama, nilimwona mavyaa anazunguka nyumba. Chumba hadi chumba, nyuma ya milango, kwenye pembe, akisoma kwa sauti ya chini, mkono wake wa kulia ukiwa umekunjwa mbele yake kana kwamba umeshika kitu, na haukushika kitu. Alipomaliza akaketi sebuleni. Mtoto akampandia mapajani, akazika uso kwenye leso yake, akauinua.

"Bibi," akasema, "leo hunukii."

"Sinukii, mame. Lala nikusikie."

Akamlaza kifudifudi, akamwekea sikio mgongoni, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko siku zote, mpaka mume wangu akaacha kuvua viatu, mpaka mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikamwambia, "wasikia nini?"

"Malori tu," akasema, na hakuliondoa sikio.